Sauti Yako Redioni na Kamba ya Hamisi

Baba Zena, huko uliko,

Mwanao ameilisha redio uji sasa hivi. Niligeuka kidogo tu kuchochea moto, nikirudi nakuta amekibana kijiko kwenye kile kitambaa cha mbele panapotokea sauti, uji unachuruzika mpaka kwenye vitufe, na yeye anabembeleza, "Kula baba, kula." Tangu siku ile uliposikika redioni anaamini umo humo ndani, na kwamba sisi watu wazima tumekusahau kwa chakula. Nimeifuta kwa kanga, nimeianika juani. Sikumchapa. Hata mimi siku ile niliizunguka ile redio nikaitazama mgongoni, mtu mzima na akili zangu.

Nimekaa hapa kizingitini, Zena ananivuta shuka, nakuandikia. Barua hii siitii kwenye bahasha. Nitaikunja tu nimpe utingo wa lori la mbegu linalokuja huko kijijini leo, na njiani asome atakayetaka. Mimi humu sina la kuficha. Nataka na wewe usiwe nalo.

Unakikumbuka kile kitabu chako cha Kiingereza kilichopotea jalada? Siku hizo ulikuwa unabeba mizigo stesheni, na abiria wa treni ya Kigoma wakiacha magazeti kwenye viti wewe unayaokota, unayaleta kwa mama yangu afungie karanga zake za kuuza. Mama aliyapokea kila siku na kila siku akajifanya hajui ulichofuata. Ukakaa barazani, ukafungua ile sura ya magazeti na redio, yenye maneno ya kujifunza yamepangwa pembeni. Mimi niliishia darasa la nne. Kiingereza changu kilikuwa cha kumwamkia mwalimu na kukaa chini.

Ukaanza na headline. Ukaweka kidole juu ya maandishi makubwa ukasema, "Hiki ni kichwa cha habari. Wanakiandika kikubwa ili asiye na nafasi asome hiki tu."

Nikasema, "Na asiye na nafasi akidanganywa?"

Mama akacheka huku anachambua karanga. Wewe ukanitazama kama umeokota kitu.

Kesho yake ukaleta editor. Ukasema ni mtu anayekata yasiyotakiwa kwenye habari. Nikakuuliza, na sisi wasomaji nani anatuambia kilichokatwa? "Mwanamke una maneno wewe!" ukasema, ukageuza ukurasa. Siku nyingine tangazo la sabuni, yule mama anayecheka na povu mpaka kiwiko. Ukanifundisha kuwa advertisement ni habari iliyolipiwa, kwa hiyo nisiangalie meno ya yule mama, niangalie nguo aliyoshika kama kweli imetakata. Haikuwa imetakata. Tulicheka siku nzima.

Na reporter. Hilo ndilo ulilipenda kuliko yote, maana ndiyo kazi uliyoiota. "Ni mtu aliyekwenda akaona," ukasema. "Asiyekwenda si reporter, huyo ni jirani." Nikakusimulia basi habari za kwetu, kwamba babu yake bibi alikuwa mpagazi, alibeba pembe mpaka pwani na kurudi, na akifika hapa Tabora watu wakimzunguka kutaka habari za njiani yeye alizigawa mafungu mawili: hizi nimeziona, hizi nimeambiwa. Ukapiga paja lako. "Huyo ndiye reporter wa kwanza katika ukoo wetu!" Ukoo wetu, na ulikuwa hujaleta hata barua ya posa. Mama akakohoa.

Mimi nilikupenda kwa hayo, Baba Zena. Wengine walisifiwa kwa baiskeli. Wewe ulinifundisha kuuliza, hii habari imetoka kwa nani, na huyo aliona?

Sasa nakuuliza wewe.

Siku ile redio ilipotangaza kipindi cha vijiji vipya, kama hicho mlichotangulia nyinyi waume kukijenga, tulikuwa tunakula mchana. Mama aliacha tonge mkononi. Ikaja sauti yako, naijua hata ukipiga chafya mtaa wa pili: "Sisi wanakijiji hatuna shida yoyote. Tunayo huduma ya maji safi ya bomba, tunayo zahanati yetu, na akina mama wanafurahia." Mama akapiga vigelegele, majirani wakaja. Zena akakimbilia redio. Mimi nikabaki na maswali. Akina mama gani hao wanaofurahia, na sisi wake zenu bado tuko mjini tunangoja lori? Na wewe tangu lini ukayaita maji huduma? Nyumbani ulisema maji. Tena ulivuta pumzi katikati ya sentensi, mahali ambapo mtu anayesema yake havuti. Ni wewe uliyenionyesha namna ya kumsikia mtangazaji anaposoma karatasi.

Nikajisemea, pengine ni woga wa kile chombo cha kurekodia sauti. Nikaichukua barua yako ya mwisho nijiliwaze. Nikakuta hatuna shida yoyote, tunayo huduma ya maji safi ya bomba, tunayo zahanati yetu. Kwa mpangilio ule ule! Hata jina la mtoto umeliweka mwisho kabisa, kama muhuri.

Hapo nilianza kukuhofia.

Juzi akaja Mwasiti, mke wa Hamisi, na barua amekunja ndani ya kanga. Unajua hajui kusoma, na mumewe vilevile, kwa hiyo barua yake mwandishi ni wewe na msomaji ni mimi. Akaketi, akajifunika vizuri kama anayeposwa.

"Haya Mama Zena, nisomee. Pole pole, usiruke penye mapenzi."

Nikasoma. Hatuna shida yoyote, tunayo huduma ya maji safi ya bomba...

Mwasiti akanikatiza. "Weee! Huyo Hamisi? Hamisi wangu mimi aseme huduma? Huyo akitaka maji ananiambia lete!"

"Ndivyo palivyoandikwa."

"Basi mumeo amempa mume wangu mdomo wake. Au waume zetu siku hizi wanatumia mdomo mmoja kwa zamu? Endelea, mwaya, labda huko mbele nitamkuta mwenyewe."

Na mbele akamkuta. Chini kabisa, baada ya huduma zako zote, umeandika: Hamisi anasema ukija usisahau ile kamba ndefu ya kisima, ya pima kumi na tano, na ndoo ya bati, maana za hapa zinakatika.

Mwasiti akafurahi mno. "Naam! Huyu sasa ni Hamisi. Kamba yangu yeye ndiye aliyeisuka." Akainuka kwenda kuitafuta, anaimba. Mimi sikuinuka. Watu wenye bomba wanataka kamba ya pima kumi na tano ya kazi gani?

Nimelifikiria jambo hili siku mbili. Najua ulivyo ukiandikia watu barua. Toka stesheni ulikuwa hupunguzi neno la mwenye barua, hata yule mzee aliyemtukana shemeji yake mpaka mstari wa salamu uliandika yote, na ukamsomea ahakikishe. Kwa hiyo Hamisi aliposema kamba, ukaandika kamba. Mkono wako ulikataa kumkata. Lakini mimi mkeo ulinikata. Ya Hamisi uliyaheshimu, yako ukanificha, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya kisima chenyewe.

Maana kisima si neno. Mimi ni mtoto wa mjini, wa mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora, lakini kuteka maji najua. Kijiji sikikatai, nakitaka. Nataka shamba na watu wa kulima nao, nataka Zena akae kwenye dawati apite pale nilipoishia mimi. Ungeniambia, "Mke wangu, maji yako chini, tutavuta," ningekuja na kamba mbili.

Ninaloliogopa ni lile la pili. Ikiwa bomba ni la kwenye karatasi, zahanati nayo iko wapi? Masika yale Zena aliposhikwa na degedege, sisi wote tulikimbia, wewe umemlaza begani, mimi nyuma na kiatu kimoja, mpaka hospitali ya Kitete. Tulifika kwa sababu ni karibu. Yule muuguzi alipomwona tu alimpokea mikononi mwako bila kuuliza jina, na baadaye akatuambia tulichofanya vizuri ni kuwahi. Wewe ulitoka nje ukaegemea ukuta. Uliniambia, "Huyu mtoto hatakaa mbali na dawa nikiwa hai." Hukusoma popote siku ile. Uliyatoa mwenyewe.

Sasa mtu yule ndiye anayeniandikia tunayo zahanati yetu? Ina mlango? Ina mtu ndani? Dawa ya homa ipo, au ipo siku wageni wanapokuja na mashine ya kurekodi? Nisamehe. Naandika kwa ukali na wewe labda una sababu. Labda wewe ndiye karani na ripoti ya kijiji ni kazi yako, na mtu amesimama nyuma ya kiti chako anangoja uandike vizuri. Labda uliogopa nikijua sitakuja. Labda yote ni kweli na kamba ni ya kufungia ng'ombe wa Hamisi! Ningefurahi mno, ningejicheka mwaka mzima. Lakini siwezi kumpandisha mtoto kwenye lori kwa labda.

Kwa hiyo nimeamua hivi, na mama amekubali ingawa alilia kidogo. Lori la familia linaondoka Jumamosi, mjumbe wa nyumba kumi anapita kuandika majina. Nitapanda mimi na Mwasiti. Zena atabaki hapa kwa bibi yake, karibu na hospitali, mpaka nijionee. Nikifika usinipikie wala usiniitie watu. Nipeleke zahanati kwa miguu, nishike kitasa. Ikiwa ipo, nitarudi na lori lile lile kumchukua mwanao, na nitakuomba radhi mbele ya kijiji kizima, nimepiga magoti. Ikiwa haipo, sitakuaibisha. Tutakaa chini mimi na wewe, na safari hii ripoti tutaiandika pamoja, iende kwa hao wakubwa, kwamba kisima kipo na watu wanavuta, na zahanati haijajengwa, na kuna mtoto anangoja ijengwe. Mimi bado naamini wakiambiwa wataleta. Wataletaje kitu walichokwisha kusikia redioni kwamba kipo?

Nguo zako za kazi nimezishona viraka, nakuja nazo. Zena amejifunza kuruka na sasa...

Mama ananiita uani, mjumbe amefika na daftari lake amesimama, hataki hata kiti. Naam mama, nakuja! Nakwenda kumwambia aandike jina langu mimi, Mama Zena, mkeo. La mtoto asiliandike bado, mpaka nishike kitasa.