Mwanga wa Simu ya Haitham

Wawi,
Chake Chake, Pemba.
9 Februari, 2025

Mpendwa dada Rawya,

Assalaam alaykum. Wahali gani huko Maskati, na mguu wako vipi? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila macho ya mama. Hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu, kwani kwenye simu ningepayuka.

Mwanao Haitham, huyo injinia wenu, alipokuja likizo kamkuta mama na jirani zake wanashona kofia chini ya taa ya tyubulaiti kuukuu. Kacheka. Akasema mwanga haukisiwi, unapimwa: unachukua mwanga wa taa, unaugawa kwa ukubwa wa chumba, kisha unajumlisha unaoingia dirishani. Nikamwitikia, maana hesabu si dhambi.

Basi kaona haya kuingia penye wanawake, kangoja mpaka wamekwenda hitimani. Adhuhuri, mlango wazi, pazia juu, kaiweka dirishani simu yake, ile anayopimia mwanga, akaisoma. Mia sita! Akasema mwanga umezidi. Kaing'oa tyubulaiti, katia viglopu viwili vya mapambo ya harusi. Kisha huyoo, kapanda boti.

Dada, wewe umezaliwa chumba hicho. Tangu lini pazia lile likawa juu na wanawake wameketi? Dirisha linatazama njia ya msikitini, hata mbuzi wetu anajua. Pazia likishuka, mama haoni uzi wala sindano.

Nilimpigia. Nikamwambia autoe kwenye hesabu yake mwanga wote wa dirishani, aone kitakachobaki. Akanijibu, "Mama mdogo, namba hazidanganyi. Fungueni pazia." Yaani mama avue heshima yake ili hesabu ya mjukuu isimame. Wazee walisema sikio halipiti kichwa, lakini huyo wako naona ni sikio tupu.

Taa ya zamani mama hataki irudishwe. Anasema mjukuu wake akisikia atavunjika moyo. Anashona hivyo hivyo, uso umegusa kitambaa, machozi yanamtoka. Mimi hanisikii, nami naogopa atapofuka kwa ajili ya kumstahi mtoto. Mwambie Haitham ampigie, aseme kwa kinywa chake, "Bibi, nilikosea." Hilo halihitaji simu ya kupimia.

Nisalimie shemeji Salem na Yumna. Ummkulthum wa jirani anakukumbuka sana. Mola akuponye mguu, akurudishe kwetu salama.

Haitham salamu zake zimo ndani ya kofia hii ya harusi yake niliyoitia pamoja na barua, aliyoishona mama chini ya viglopu vyake. Hilo doa jekundu hapo mbele ni damu ya kidole cha mama. Nimekataa lifuliwe. Aivae hivyo hivyo.

Nduguyo akupendaye hata akikasirika,
Laila