Begonia za Mama Chini ya Saruji

Garissa,
Jumapili alasiri

Mdogo wangu Mghanga,

Salamu zikufikie ukiwa mzima, wewe na shemeji na watoto. Nataraji kikohozi cha Mama kimepungua na ukungu wa asubuhi haumzuii kwenda kanisani. Mimi mwili hauna neno. Joto la huku ni lilelile, na kazi ya kuchanja mifugo inaendelea. Moyo ndio haujatulia, na sababu ni wewe, kwa hiyo salamu nazikatia hapo.

Mama alinipigia simu juzi. Alianza na habari za mvua, kisha akaja kwenye za kuku. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwakio, mwanangu, maua yangu yalikukosea nini?"

Sikumwelewa. Ndipo akanieleza kwamba umeng'oa begonia zake zote, zile za kando ya ukuta wa jikoni, ukamwaga saruji upate pa kuegesha pikipiki. Alipokuzuia, ulimwambia umeshazungumza na mimi, na kwamba mimi, mwanawe mkubwa, nimekubali. Akaingia ndani akakaa, maana mkubwa ameshasema.

Mghanga, ulizungumza na mimi lini? Kung'oa ungeng'oa, tungegombana, tungesameheana. Lakini kuchukua jina langu ukamnyamazishia Mama, hilo linanikosesha usingizi. Na nilipokupigia hukukana. Ulisema ni majani tu, hayaliwi wala hayauzwi. Kisha ukasema, "Wewe hata hukai hapa," ukakata simu.

Ni kweli, sikai hapo. Basi nikueleze jinsi majani hayo yanavyokaa huku kwangu.

Nilipohamishiwa Garissa, Mama alinikatia kipande cha shina, akakifunga kwa ganda la mgomba lenye unyevu. Nilipofika nilikipanda kwenye kopo, na kilipochipua nikakiweka nje mlangoni, kama tulivyozoea nyumbani. Huko Wundanyi begonia hukaa nje mwaka mzima, mti unaikinga jua na ukungu unainywesha. Hapa jua la siku moja lilitosha. Niliporudi jioni majani yenye madoadoa meupe yalikuwa yamekauka, ukiyagusa yanavunjika kama karatasi. Nikaingiza kopo ndani, na kwa huruma nikawa nalimwagia maji asubuhi na jioni. Shina likaoza kutoka chini.

Mama ndiye aliyeniokoa kwa simu. Aliniambia nikate juu ya sehemu iliyooza, nisimamishe kipande kwenye glasi ya maji mpaka kitoe mizizi, nikipande kwenye udongo mwepesi uliochanganywa mchanga, na nisikinyweshe tena mpaka udongo wa juu ukauke kidoleni. Nisimwagie majani, yataota ukungu mweupe. Nilifanya hivyo kikapona. Kisha nikagundua maji ya kisima yana chumvi, yanaunguza kingo za majani. Tangu hapo namwomba mwenye mkokoteni wa punda aniletee mtungi wa maji ya Mto Tana, nayaacha yatulie tope, ndipo nainywesha. Chungu nimekiweka juu ya sinia lenye kokoto na maji kidogo, ili hewa ya pale isikauke, karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi tu.

Mwenye nyumba wangu ni mama wa Kisomali, wapangaji wote tunamwita Eedo Habiba, yaani shangazi. Mwanzoni alinicheka. Aliuliza kama hiyo kitu inatoa maziwa, au ni dawa. Nikamwambia ni ya mama yangu. Hakucheka tena. Tulipotumwa Ijara kuchanja ng'ombe, nikakaa huko muda mrefu kuliko nilivyopanga, nilijua nitarudi nikute kijiti. Nilikuta ameihamishia chumbani kwake, ametundika gunia bichi dirishani kukata joto, na maua yake ya rangi ya waridi yananing'inia. Nilipomshukuru alishangaa. "Mgeni ya mama yako imekuja kwa nyumba yangu," akasema, "nitaiacha ife?"

Huyo ni mtu asiyemjua Mama hata kwa sura. Wewe ulinyonya ziwa moja na mimi.

Sasa sikiliza. Nilipomweleza Eedo Habiba yaliyotokea, alitikisa kichwa, akaniletea kisu. "Kata hii," akasema. "Beleka kwa mama," maana "p" kinywani mwake hutoka "b". Nimekata mashina yenye afya, kila moja na vifundo kadhaa, nimeyaviringisha kwa kitambaa kibichi ndani ya mfuko uliotobolewa upite hewa. Mwenzangu wa kazini anakwenda likizo Voi kesho, naye atapanda mpaka Wundanyi.

Kazi yako ni hii. Vunja saruji yako au uiache, sitagombania pikipiki. Lakini chimba kitalu kingine nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, pasipopigwa na jua la mchana. Leta udongo mweusi wa majani yaliyooza, changanya na mchanga wa kijitoni, na uinue kitalu, kwa sababu mvua ikituama pale mizizi itaoza. Mama asiguse jembe. Aketi tu akuelekeze.

Na jambo moja zaidi. Siku ile Mama aliponiuliza, sikumwambia kwamba umedanganya. Yeye anaishi kwako, anakula kwako, na akiugua wewe ndiye uliye karibu. Niliogopa kumwambia kwamba mtoto anayelala naye nyumba moja amemfanyia hila. Nikasema, "Nisamehe, Mama." Akanisamehe palepale, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nisalimie shemeji, na umwambie simlaumu. Msalimie shangazi yetu auzaye mboga sokoni, na mjomba fundi wa viatu, na mwalimu jirani yetu aliyekuwa akija kuomba maua ya kanisani, ambaye sijui sasa umemwambia nini. Wabusu watoto.

Mwenzangu nimemwagiza mfuko autie mkononi mwa Mama, si mwako. Atafika kabla ya wiki kwisha, na barua hii naituma kwa basi la usiku wa leo imtangulie. Kabla hajabisha hodi, uwe umekaa mbele ya Mama ukamwambia kwa kinywa chako ni nani aliyeamua na ni nani hakuulizwa. Usiposema wewe, nitasema mimi, na sitapunguza neno.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na niliyekukasirikia kwa pamoja,
Mwakio