Uzi Mwekundu Kwenye Chupa

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mguu wa baba umepungua kuvimba? Na yule ndama mwekundu, amekubali kunyonya? Mimi ni mzima, ila chumvi ya huku pwani imenipasua mikono. Asante kwa samli, nimekuwa nikiipaka kila asubuhi.

Likizo hii yote tunachuja maji ya bahari hapa kwenye kituo cha utafiti. Kwenye chujio hubaki ukijani mwepesi, ndiyo rangi ya mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Maji yaliyopita hupimwa pia, tujue yana mabaki kiasi gani ya viumbe yaliyoyeyuka.

Vipimo vya Zuhura, yule mwenzangu wa Dongobesh ambaye kwao wana duka, vilikuwa safi. Vyangu vilikuwa juu mno. Mwalimu wa maabara akaniuliza, “Binti, hii ni bahari au mchuzi?” Kisha akasema mmoja wetu tu ndiye atakayerudi kuendelea na kazi hii likizo ijayo.

Nikakumbuka ulivyoniambia stendi: watoto wa maduka niwaangalie. Nikaangalia. Zuhura alikuwa akifika maabara kabla yangu, na nikiingia ananyamaza. Nikafunga uzi mwekundu kwenye kila chupa yangu, kwa lile fundo letu la kibuyu cha maziwa. Mtu wa duka hawezi kulirudia.

Juzi nikakuta mafundo yote mazima, na vipimo vibaya vilevile.

“Nyuzi za nini?” Zuhura akauliza.

“Alama tu.”

“Za kunikamata mimi?”

Nikageukia kazi. Akanitazama nikichukua chupa, mara akanishika mkono na kuunusa. “Dada, unanuka zizi! Umepaka nini?”

Ni samli, mama. Glavu ziliisha, nami nilikuwa nashika chupa kama tunavyoshika kibuyu nyumbani, kidole kikiwa ndani ya mdomo wake.

Jana nilinawa vizuri, nikachota maji upya bila kupaka kitu. Vipimo vimeshuka. Lakini sijatulia: kwa nini aliniambia, na nafasi ni moja? Bado namwangalia. Hata hivyo kesho nitamweleza mwalimu kosa langu lote, pamoja na habari ya nyuzi.

Nisalimie bibi, na mjomba wa Yaeda Chini akipanda mnadani. Zuhura naye anakuamkia. Nimemgawia samli apake jioni, kazi ikiisha, maana mikono yake pia imepasuka. Ameipokea, ila ameinusa kwanza, mara mbili.

Binti yako,
Paskalina