Baba, Acha Kumlisha Posamu Juu ya Banda

Baba,

Nimempeleka Pikelet, yule kasuku wa Mama mwenye kishungi, kwa daktari wa wanyama. Chai imo kwenye birika, ila soma kwanza.

Asubuhi nimemkuta sakafuni mwa banda la ndege, bawa linavuja damu, wenzake wamejibanza kwenye kona wanatetemeka. Juu ya waya kulikuwa na kinyesi cha posamu, yule mnyama wako wa usiku anayeparamia miti, na vipande vya tufaha. Tufaha limemenywa, Baba! Posamu gani huyo anayemenya matunda?

Najua utasema, "Mwache bwana, naye ana njaa." Sawa, lakini akitua pale gizani, ndege wanashtuka, wanaruka ovyo na kujigonga kwenye waya. Wao hawajui kwamba ni rafiki yako.

Leo kabla ya magharibi funika banda kwa turubai na uwashe ile taa ndogo ndani. Ukate na lile tawi la mkalitusi linaloegemea paa, maana ndiyo njia yake.

~~Halafu mtege umpeleke mbali huko msituni.~~ Hapana, usithubutu. Sheria inakataza, na huko atakufa. Mtundikie sanduku la kulala kwenye mti wa kule nyuma, na tufaha lake umpe huko huko. Menya ukitaka.

Daktari akisema bawa limevunjika, wewe ndiye utakayempigia Mama simu huko mjini Hobart aliko. Kasuku ni wake na mume ni wake. Mimi simo.

Binti yako