Chai ya Pesheni na Punje Mbili za Kahawa

Igogo, Mwanza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii isomwe kwa sauti Jumapili, mtakapokuwa mmekusanyika baada ya misa, maana yaliyomo yanawahusu nyote. Natumaini goti lako limepata nafuu na migomba imepata mvua. Mimi ni mzima. Darasa langu ni kubwa na sauti hunikauka kabla ya mchana, lakini Mungu ananisimamia.

Jumamosi iliyopita nilitembelewa na Masanja, yule bwana mifugo wa Magu ambaye Shangazi aliwaeleza habari zake. Tulikaa barazani, mama mwenye nyumba akichambua dagaa hatua chache kutoka kwetu. Masanja alileta zawadi: chai ya kijani yenye ladha ya pesheni. Nikaimiminia maji ya moto. Rangi ikajitandaza polepole ndani ya glasi, ikawa kama ziwa lilivyo asubuhi katikati ya mawe, pale pasipo na kina. Kisha mvuke ukapanda. Baba, nilifumba macho, nikajikuta nimesimama nyuma ya jiko letu, chini ya mpesheni alioupanda marehemu Mama, naye akiniita niingize kuni kabla mvua haijazilowesha. Sijui nilikaa huko muda gani.

"Mwalimu, maziwa yako wapi?"

Nilipofumbua macho, Masanja alikuwa amekunja uso.

"Hii hainywewi na maziwa."

"Basi haya ni maji yaliyooshewa matunda."

"Mpe uji huyo, Mwalimu, asije akanifia barazani!" mama mwenye nyumba akadakia.

Tulicheka. Lakini alikunywa tena, taratibu, kisha akasema, "Inanukia kama kwa watu ambao sijafika kwao."

Nikaingia ndani kuchukua kahawa ya kutafuna uliyonipa, kwani mgeni wetu haondoki bila hiyo. Nikapasua ganda moja. Ndani mlikuwa na punje mbili zimelaliana. Nikampa yake, nikamweleza kwamba kwetu ndivyo mgeni anavyokaribishwa. Hakuitia kinywani, aliifunga kwenye leso.

"Ya kwanza nitapewa na mzee mwenyewe," alisema. "Nikiitafuna hapa, nitakuwa nimeingia kwenu kupitia dirishani."

Baba, najua ulikwisha kusema kwamba humtoi binti yako kwa mtu ambaye hujui shamba la baba yake. Sikupingi. Naomba tu umpokee, umtazame, ndipo useme. Chai ile naionja kila jioni, na kila jioni namkuta Mama pale pale, ila sasa nyuma yangu kuna mtu anayesubiri kukaribishwa.

Msalimie Shangazi, ambaye najua ameshaanza kutabasamu. Na kaka yangu anayekusaidia shambani, asinune kabla hajamwona mtu. Bibi mwambieni kitenge chake nimeshakinunua.

Punje yangu nayo sikuitafuna. Nimeifunga ndani ya bahasha hii. Ikinirudia, nitakuwa nimepata jibu, wala sitauliza sababu. Ukiitafuna, niandikie tu siku ya Masanja kuja.

Binti yako akuheshimuye,

Koku