Diski Niliyoipa Jina Lisilo Lake

Nyumba ya kona,
Nyuma ya duka la vioo.
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani huko, na kiuno je? Mara ya mwisho uliniambia zamu za kuwainua wagonjwa zimekukaba mpaka unavaa viatu kwa kuegemea ukuta. Natumaini umeununua ule mkanda, na umeufunga, maana nakujua: dawa ya wengine unaisimamia mpaka tone la mwisho, yako inalala kabatini.

Sisi hatujambo. Mwanao Sisimizi hajambo, na hili naliweka mbele kabisa ili usisome yanayofuata huku umeshika kifua. Anakula vizuri, jino la mbele limeng'oka na jirani yake anatikisika. Shuleni wamemhamishia dawati la mbele kwa sababu kule nyuma alikuwa akipiga soga za mikono na wenzake. Mwili wake mzima. Kilichotokea kimepata kitu chake, na chako pia, na mimi ndiye chanzo.

Nimeshika simu mara tatu nikupigie. Lakini ungeniuliza swali moja tu nami ningelia, laini ingekatika, ukabaki huko na nusu ya habari. Heri karatasi. Karatasi haikatiki.

Unakumbuka tulivyopatana siku ulipoondoka. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana nimkalishe mwanao kwenye kiti cha bluu, akusimulie wiki yake kwa mikono, nami nirekodi. Mtandao wa huko kwenu haupitishi hata picha moja nzima, kwa hiyo video zote zilikaa kwenye kompyuta ya sebuleni zikikusubiri. Zilifika mia mbili na tatu. Kila moja niliipa jina la ishara aliyoibuni wiki hiyo: "Njaa", "Sitaki kuoga", "Baba Mkubwa", ambayo ni kushika usukani, na "Mama Mkubwa", ambayo ni kusukuma pasi. Pale shule ya viziwi wanamfundisha ishara zao, lakini hizi za nyumbani ndizo lugha yake ya kwanza.

Ulipoandika mwezi wa sita ukauliza utasemaje na mwanao ukija Desemba, ilhali hujui hata ishara ya maji, nilikujibu kwa kiburi kwamba shule yako nimekutunzia. Sasa sikiliza nilivyoitunza.

Kompyuta ilikuwa imezeeka. Ukiiwasha, unaweza kwenda kuosha vyombo ukarudi ukaikuta bado inajifikiria. Tukamwita fundi wa mtaa wa pili, yule tunayemwita Kinyonga kwa jinsi anavyotembea. Akaongeza diski mpya ndani, kubwa, pembeni ya ile ya zamani iliyokuwa na vitu vyetu. Wakati wa kuondoka alituambia, "Hiyo mpya mkitaka kuitumia, ifomatini kwanza. Nimeacha takataka zangu za majaribio humo." Kufomati, kama hujui, ni kufuta kila kitu ili diski ianze upya.

Kesho yake asubuhi nikawasha, nikaona diski mbili zisizo na jina, moja ina herufi D, nyingine herufi E. Mimi mtu wa dobi, mdogo wangu. Kazini kwangu nguo isiyo na kibandiko cha jina ni balaa, kwa hiyo vitu visivyo na jina vinaniwasha mikono. Miaka yote vitu vyetu vilikaa kwenye D. Nikaandika FAMILIA kwenye D, nikaandika MPYA kwenye E, nikachukua mkoba nikaenda kazini. Sikufungua kutazama kilichomo. Ingenichukua dakika moja.

Kumbe kompyuta, baada ya kuwekewa mgeni, ilikuwa imempa mgeni herufi ya mwenyeji. Diski mpya ndiyo iliyokuwa D. Ya zamani, yenye mwanao, ilisukumwa ikawa E, nami nikaja kuipiga muhuri kwamba ni mpya.

Shemeji yako alirudi mchana kutoka kufundisha udereva. Alitaka kuweka video zake za masomo, zile za kuegesha gari na za alama za barabarani. Akaona MPYA, akakumbuka maneno ya fundi, akaifomati. Kompyuta ilimuuliza mara moja kama ana uhakika. Akasema anao. Kisha akaweka humo masomo yake, akafurahi kwamba mashine imekuwa nyepesi.

Mimi niligundua Jumamosi. Nimemkalisha Sisimizi kwenye kiti, nywele zimechanwa, nikafungua FAMILIA ili nione video ya mwisho niliipa jina gani. Humo mna takataka za fundi tu. Nikafungua MPYA. Gari jeupe linarudi nyuma kati ya koni mbili. Nikafungua inayofuata: gari lilelile, koni zilezile. Nilifungua zote, nikarudi mwanzo, nikafungua tena. Mwanao akashuka kitini, akaja kusimama begani kwangu, akatazama kioo cha kompyuta, akanigusa, akauliza kwa mikono, "Mimi niko wapi?"

Nilimrudisha kitini, nikaenda mlangoni.

Shemeji yako alikuwa nje anaosha gari la mafunzo. Nilimwita kutoka mlangoni, na nadhani sauti yangu ilimwambia kila kitu, maana alikuja na sifongo mkononi, maji yanamchuruzika mpaka kwenye zulia.

"Ulifuta nini kwenye kompyuta?" nikamuuliza.

"Ile mpya. Imeandikwa mpya."

"Nani kakwambia ni mpya?"

"Wewe," akasema. "Mwandiko wako."

Hakusema kwa kunisuta, na ndiyo maana iliniuma. Alikaa kwenye kiti cha bluu na ile sifongo yake, akaiminya bila kujijua, na maji yakamwagikia suruali. Kutoka hapo hatukulaumiana, lakini hatukuzungumza pia. Ndani ya nyumba ikawa "chumvi iko wapi" na "mlango umefungwa". Siku mbili hakumaliza sahani yake. Mimi dobi niliunguza ukosi wa shati la mteja, jambo ambalo halijanitokea tangu nianze kazi.

Usiniulize nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa nawaza uso wako ukishuka uwanja wa ndege, na mtoto anakusemesha, na wewe unanigeukia mimi nikufasirie. Kila neno la mwanao lipite kwangu. Tena kuna ishara za mwanzo ambazo hata mimi nimezisahau, nilizitegemea video.

Kinyonga alipopata habari alitembea haraka kwa mara ya kwanza mtaani, watu wakasimama kutazama. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuizima kompyuta na kuchomoa waya ukutani.

"Mmeongeza chochote baada ya kufuta?" akauliza.

Shemeji yako akajibu kwa sauti ya chini, "Masomo yangu. Kama thelathini hivi."

"Yamekaa juu ya vitu vyenu. Yasizidi hapo. Asiiwashe mtu, hata kwa kutazama saa." Kisha akamtazama. "Lakini hukuona kwamba hiyo diski mpya imejaa? Kuna mstari pale, ulikuwa mwekundu."

"Niliuona. Nikadhani ni taa nyekundu, maana yake haijawa tayari."

Mwalimu wa udereva, mdogo wangu. Kinyonga aligeuza uso ukutani, mabega yakimtikisika. Mimi sikuweza kucheka siku ile. Leo ninapoandika naweza, kidogo.

Akatueleza kwamba kufomati kwa haraka kunachana orodha ya vilivyomo, ila vyenyewe vinabaki mpaka kitu kingine kiwekwe juu yake. Aliichukua ile diski kwenye bahasha ya khaki kama anabeba yai. Ikakaa dukani kwake siku nne. Kila nikitoka kazini nilipita pale, nikasimama mlangoni, naye alikuwa ananyoosha kiganja chini bila kugeuka: subiri. Siku ya tatu alinipa kigoda. Mwanao alikuwa akiniuliza kila jioni kwa ile ishara yake ya kompyuta, vidole vinavyocheza hewani, na mimi namjibu "mgonjwa". Akachora kompyuta ina bandeji akaibandika ukutani.

Alhamisi Kinyonga alirudi na bahasha. Katika mia mbili na tatu, amezipata mia moja tisini na mbili. Kumi na moja zimekwenda, zimekaliwa na masomo ya kuegesha gari, wala hazitarudi. Sitakuficha: moja kati ya hizo ni ile ya siku aliyovaa sare ya shule mara ya kwanza. Nakuomba radhi kwa hiyo kabla ya nyingine zote. Picha ya karatasi ninayo, lakini najua picha haiongei.

Kisha akaketi kuzirudishia diski herufi zake. Nikamwomba anielekeze, nifanye mwenyewe. Nilidhani ni kuandika D hapa na E pale, kumbe kompyuta haikubali herufi moja kushikwa na diski mbili hata kwa sekunde. "Watu wawili hawabadilishani viti bila mmoja kusimama," akasema. Kwa hiyo ile ya zamani tukaisimamisha kwanza kwenye herufi T, mpya tukaihamishia E, ndipo ya zamani ikarudi D yake. Kila nilipobonyeza alinifanya nifungue, nitazame kilichomo, nikisome kwa sauti, ndipo niandike jina. Shemeji yako alisimama nyuma yangu akisoma pamoja nami kama mtoto wa darasa la kwanza. Baadaye tukaweka nakala ya kila video kwenye ile mpya, na nyingine ipo dukani kwa Kinyonga. Masomo ya kuegesha gari yamehamia kwenye simu ya mwenyewe.

Lakini video zilirudi bila majina. Majina niliyozipa yote yamepotea, kila moja ni namba ndefu tu. Kwa hiyo tangu jana tumekaa sebuleni watu watatu, tunazitazama moja baada ya nyingine na kuzipa majina upya. Shemeji yako anaandika, mimi nabonyeza, Sisimizi katikati. Tumerudi kuzungumza, yeye na mimi, kwa sababu ya ubishi: yeye anasema hapa ana miaka minne, mimi nasema tazama meno.

Ndipo likatokea jambo ambalo ndilo hasa limenishikisha kalamu.

Mwishoni mwa kila video mwanao hufanya kitu kimoja. Anainua mkono usawa wa bega, kiganja kikimtazama yeye mwenyewe, anafungua na kufumba vidole. Tangu akiwa na miaka mitatu. Sisi tulicheka tukasema anapunga mkono kinyumenyume, na video ya kwanza yenye ishara hiyo niliipa jina "Kwaheri Mama". Jana tulipoifikia, nikamwambia shemeji yako aandike hivyohivyo. Mwanao anasoma sasa, usisahau. Akasoma, akamshika mkono, akatikisa kichwa. Si hivyo.

Nikamuuliza ni nini basi. Akashuka, akaenda mpaka mwisho wa korido, akasimama kwenye mlango wa jikoni, akatutazama, akafanya ile ishara. Tukabaki tumemkodolea macho. Akairudia, kwa subira, kama mtu anayefundisha wagumu. Shemeji yako ndiye aliyenyanyuka taratibu akamwendea. Alipomfikia, mwanao akaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Ni "njoo", mdogo wangu. Sisi tunaoishi naye hutuita kwa kutuvuta nguo au kukanyaga sakafu kwa kisigino, kwa hiyo hatukuwahi kuiona ikitumika ndani ya nyumba. Ni ya mtu aliye mbali. Miaka minne, kila Jumamosi, amekuwa akimaliza habari zake kwa kukuita, na mimi mama mkubwa mtu mzima nimeandika kwamba anakuaga.

Sikuandikii haya uache kazi. Mkataba ni mkataba, na Desemba si mbali. Nakuandikia kwa sababu nilikuahidi kukufundisha maneno yake, na hili nilikuwa nimekufundisha vibaya. Ukiniandikia, nikaripie kwanza kwa zile kumi na moja, nastahili, kisha uniambie kama bado unaniamini naye.

Mama anakusalimu, hajui lolote kuhusu diski na nakuomba asijue. Mjomba anauliza kama huko kuna viatu vya namba yake. Shemeji yako anasema anakuandikia mwenyewe, amenunua na bahasha, ila amekaa nayo siku ya pili sasa hajapata neno la kuanzia. Msalimie yule dada mnayeishi naye chumba kimoja.

Mungu akulinde zamu za mchana na za usiku, akufikishe kwenye mlango huu na miguu yako miwili.

Nimekupangia video zote kwa tarehe. Kila moja imeandikwa kama mwenyewe alivyosema, na hiyo ya kwanza tumeibadilisha. Sisimizi ndiye aliyebonyeza herufi, kwa kidole kimoja: NJOO MAMA.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nikuogopaye leo,
Mama Mkubwa