Chumvi ya Kuogea ya Nyar Karungu

Jumatatu, 1 Agosti 1966
Nimeoga tena. Maji moto kwa karai, konzi ya chumvi, miguu ndani mpaka maji yapoe. Maumivu ya magoti yamelegea. Nanukia waridi kama bibi arusi. Mzee mzima. Aibu.

Chumvi si yangu. Ni ya nyar Karungu, binti wa Karungu kama tunavyomwita, mke wa mwanangu Omondi. Omondi yuko kazini bandarini Kisumu, alimletea chupa wakati wa Pasaka. Nilimcheka kisimani mbele ya wanawake. Nikauliza mwanamke gani anajitia chumvi, kwani yeye ni samaki, ngege wa kukaushwa? Wote walicheka. Yeye hakucheka.

Sasa akienda shamba, naichota mimi.

Alhamisi, 4 Agosti
Chupa iko chini ya kitanda chao. Hapo ndipo ubaya. Kwetu mama haingii chumba anacholala mwana aliyeoa. Mimi ndiye nawafunza wanawake wa boma hili hivyo, kwa ukali. Leo nikajiambia naingia kuangalia panya. Panya gani.

Jumamosi, 6 Agosti
Imebaki ya kukwangua. Omondi anakuja wiki ijayo. Nitatengeneza yangu nijazie.

Nimenunua chumvi ya mawe, ile ya kulambwa na ng'ombe, sokoni Rodi Kopany. Mwenye duka akauliza kama nimepata ng'ombe. Nikamwambia apime anyamaze. Nimetwanga kwa kinu, si laini sana. Mchaichai nakausha kivulini, maana juani harufu inakimbia. Maganda ya ndimu pia. Magadi kidogo, maji yawe laini.

Jumatano, 10 Agosti
Chumvi imekaa kwa chungu, imefunikwa, imekunywa harufu. Inashinda ya duka, sisemi uongo. Lakini ile ilikuwa nyekundu-nyekundu. Yangu ni kijivu kama jivu la jikoni. Nimejaza chupa nikairudisha. Nani ataangalia?

Jumapili, 14 Agosti
Omondi ameangalia.

Alifika jana. Leo baada ya kanisa nikasikia sauti kwao. Akatoka na chupa mkononi mpaka uani. Alileta ya waridi, amekuta kitu kingine. Akamuuliza mkewe anamwogea nani mume akiwa mbali, na ni mwanamume gani amemletea hii. Yule binti akasema hajui. Ni kweli, hajui. Omondi akasema kesho anamrudisha kwao Karungu, ng'ombe wa mahari wazungumzwe.

Mimi nilikuwa nachambua mboga. Niliendelea kuchambua. Ulimi huu unaogombeza boma zima ukalala kama mbwa aliyeshiba. Sijala. Nimejichukia.

Jumatatu, 15 Agosti
Asubuhi nyar Karungu alikuwa amefunga nguo zake kwa shuka. Watoto wao wanalia. Shemeji yangu mkubwa ameitwa awe shahidi. Mimi mlangoni kwangu, nimeshika fimbo, kiburi kinaniambia nyamaza, wataelewana tu.

Hawangeelewana. Nikatoka.

Nikasema, "Omondi, mwache. Niliingia chumbani kwenu nikaiba chumvi ya mkeo. Hiyo ya ndimu nimetwanga mimi, nifiche wizi."

Aliangalia miguu yangu. Akasema, "Mama. Wewe?"

Afadhali angenitukana.

Nyar Karungu aliweka mzigo chini. Hakuniangalia. Shemeji akasema hili ni jambo la manyasi, dawa yetu ya kutakasa nyumba. Akaenda kuchimba mizizi. Tumekunywa wote. Chungu sana. Nimemaliza yangu mpaka tone la mwisho.

Jumatano, 17 Agosti
Omondi amerudi Kisumu. Amemuaga mkewe, mimi hakuniaga.

Kisimani wanawake wananong'ona nikifika. Ningekuwa wao ningefanya hivyo hivyo, tena kwa sauti.

Jumamosi, 20 Agosti
Jioni nyar Karungu amekuja na kinu chake. Sikumwita. Akavuta kigoda, akauliza mchaichai unakauka siku ngapi. Nikamwambia mpaka uvunjike kwa vidole, usihesabu siku. Nikamkemea kwamba anatwanga kama anayepiga nyoka. Akaendelea vile vile.

Kisha, macho kwa kinu, akasema, "Mama, ngege mzee anataka chumvi nyingi zaidi."

Nilistahili.

Nimechemsha maji, nikamimina kwa karai, nikatia konzi ya chumvi mpya. Nikalisukuma karai upande wake. Alinitazama, kisha akavua viatu.

Mimi nimeoga baada yake, kwa maji yale yale. Yalikuwa bado na joto kidogo.